Mkate kuangukia upande wa siagi: ni kweli kabisa

Ndugu, umeuliza kama ile "sheria" ya mkate kuangukia upande wa siagi ina ukweli, au ni sisi tu tunaokumbuka mabaya. Ina ukweli, wala si mkosi. Mwanafizikia Mwingereza, Robert Matthews, aliichambua mwaka 1995. Mkate unaoteleza ukingoni mwa meza huanza kujipindua polepole, na meza ya kawaida, sentimita 75 hivi, haiupi muda wa kumaliza mzunguko mzima. Unafika chini umegeuka nusu tu, na siagi iliyokuwa juu sasa inabusu sakafu. Uzito wa siagi hauna neno hapo, ni tabaka jembamba mno.

Jana asubuhi mwanangu alisukuma sahani kwa kiwiko. Slesi ikachungulia ukingoni, ikainama kama anayechutama, halafu pa! Nilipoiokota ilikuwa imebeba mchanga wote wa jikoni, na mtoto analia. Inauma jamani, hasa ukiwa ndio mkate wa mwisho.

Na lile la foleni, kwamba yako ndiyo huenda polepole kila mara, ni hesabu nyepesi zaidi. Kaunta zikiwa tatu zinazolingana, uwezekano wa yako kuwahi kuliko zote ni moja kwa tatu. Kwa hiyo mara nyingi utaona wenzako wanakupita, hata ukichagua vizuri.

Kwa mkate kuna dawa: ukiuona umeanza kuteleza, usijaribu kuudaka. Upige kofi uruke mbali na meza kwa kasi. Hautapata muda wa kujipindua sana.