Kwa wewe unayeanza kusafishwa damu na bado unamwamini Mungu

Naandika haya kwa wageni, wale wanaofika wiki za kwanza na mpira wa kupitishia damu shingoni na bahasha ya majibu mkononi, wanaitazama mashine inayosafisha damu badala ya figo halafu wanatutazama sisi tuliolala pale, na swali la kwa nini mimi liko usoni hata kama hawajalisema. Mimi ni mkatoliki, niko kwenye mashine muda mrefu sasa, nimelala jirani na walutheri, wasabato, walokole na waislamu pia, kwahiyo ninayosema yametoka palepale, mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila mara.

La kwanza, usikimbilie kutafuta maana. Watu watakuja nyumbani wakiwa nayo tayari. Mmoja atasema ni jaribu, mwingine mkono wa mtu, mwingine dhambi ya babu yako huko kijijini, mwingine atakwambia Mungu anakupenda sana ndo maana kakuchagua. Wapokee, wape kiti, washukuru kwa kuja, ila hayo maelezo usiyabebe. Figo zinaharibika kwa presha iliyokaa miaka bila kupimwa, kwa kisukari, kwa dawa za maumivu zinazomezwa kila siku bila daktari, kwa mitishamba mingine, na wapo ambao hata madaktari wamechunguza hawakupata chanzo. Yesu alishaulizwa hili swali, Yohana 9, wanafunzi wanamuona mtu kipofu tangu kuzaliwa wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, akawajibu hakutenda dhambi huyu wala wazazi wake. Na wale rafiki zake Ayubu, siku 7 mchana na usiku walikaa naye chini bila kusema neno, hapo walikuwa wafariji wazuri kweli, walivyofungua midomo kumweleza sababu ndo wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, sio Ayubu aliyekuwa analalamika. Hebu soma sura ya 42 mwenyewe uone.

La pili nalisema kwa nguvu zote: usiache mashine kwa sababu ya maombi. Hili limeondoa watu niliokuwa nawajua. Mtu anaombewa, anaambiwa umepona, vua mpira, ukirudi hospitali umemkana Mungu, na siku za kwanza anajisikia kawaida tu kwahiyo anaamini kabisa, halafu maji yanajaa mapafuni, potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo ndo huyatoa, inapanda kwenye damu mpaka moyo unasimama. Kwa mtu ambaye figo zimekufa kabisa ni suala la siku au wiki chache. Omba, ombewa, mimi mwenyewe naomba kupona kila asubuhi. Lakini soma habari ya mfalme Hezekia, 2 Wafalme 20, alilia akiwa amegeukia ukutani, Mungu akamsikia, akamuongezea miaka 15, na nabii Isaya huyohuyo aliyeleta ujumbe akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii wa kweli alileta neno na dawa kwa pamoja. Anayekwambia uchague kimoja muulize amelitoa wapi hilo.

Sasa kuna kiu. Hii hakuna anayekuandaa nayo vizuri. Watakwambia kipimo cha kunywa, wengi wetu tunapewa kama lita moja kwa siku au pungufu ikitegemea mkojo unaotoka bado, na humo kuna chai, uji, supu, maji ya kumezea dawa, hata tikiti linahesabika. Dar ikiwa Februari, jua limewaka, umetoka kwenye daladala, koo limekauka na mbele yako mtu anakunywa maji ya baridi chupa nzima bila kufikiri. Utaota maji usiku. Utachukia watu wanaokunywa, na hiyo hasira ni kawaida, isikutishe. Mbinu za kimwili ni hizi: punguza chumvi maana chumvi ndo inayokusukuma unywe, nyonya kipande kidogo cha barafu badala ya kunywa, sukutua ukateme, pima maji ya siku kwenye chupa moja asubuhi uyaone yalipo. Madafu na maji ya matunda usiguse hata kama mtu amekuletea kwa upendo kutoka shamba, madafu yana potasiamu nyingi sana. Mchicha chemsha kwenye maji mengi umwage yale maji ndo uunge.

Na ya kiroho ni hii. Ukisikiliza mateso ya Ijumaa Kuu miaka na miaka, lile neno la Yohana 19 linapita tu, "Naona kiu". Unalijua, umelisikia tangu utotoni. Sasa likisomwa wewe una kiu siku ya 2 na mashine ni kesho, nakwambia unasikia kitu kingine kabisa. Mungu amekaukwa koo. Sio kwa mfano, ni koo lenyewe, ulimi umegandamana, na anaomba mbele ya watu waliomtundika. Mimi hapo ndo kilio changu kilibadilika, kwasababu nilikuwa naomba kama mtu anayepiga kelele kwa mtu aliye juu ghorofani, kumbe yuko upande huu wa mashine. Kiu haikuisha. Hata leo ipo. Ila siko nayo peke yangu, na wakati nanyonya kile kipande cha barafu naweza kusema Bwana, hii ni yako na yangu, na namtaja mtu mmoja ninayemuombea siku hiyo. Usiku nikiamka koo limekauka naombea mtu. Ukianza kufanya hivyo utaona kiu inapata kazi ya kufanya.

Kuna barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1984, aliitoa Februari 11, inahusu mateso tu mwanzo mpaka mwisho, na aliiandika mtu aliyekuwa amepigwa risasi tumboni Mei 1981 pale uwanja wa Mtakatifu Petro, kwahiyo hakuandika kwa kusikia. Anaanza na Wakolosai 1:24, ule mstari mgumu wa Paulo kufurahia mateso yake, na anafika kwa Msamaria Mwema. Anachosema kwa maneno yangu ni kwamba Kristo ametufundisha mambo mawili kwa mpigo, kutenda mema kwa mateso yetu na kuwatendea mema wanaoteseka. Wengi wanashika la kwanza peke yake, wanakuwa wagonjwa wapole waliokaa kimya wanatoa sadaka ya maumivu, ni vizuri, lakini mimi naamini maana iko zaidi pale yanapokutana yote mawili. Paulo tena, 2 Wakorintho 1, anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji wengine. Hiyo "ili" ndo jibu pekee la "kwa nini" nililolipata ambalo halinichefui.

Kwahiyo usilale pale na simu masaa yote 4. Angalia kitanda cha jirani. Kuna mama amekuja peke yake kutoka mkoani, hajui kwamba akisikia misuli inakaza au kichwa kinakuwa chepesi amwite nesi mapema asisubiri mpaka presha ishuke kabisa. Mwambie. Kuna kijana anaogopa sindano za fistula, yaani ule mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, mwambie mkono ule usipimiwe presha, usibebee ndoo, na kila asubuhi aweke vidole juu ya mshipa asikie kama unatetemeka, ukinyamaza awahi hospitali siku hiyohiyo. Wewe wiki hii hujui haya, ila baada ya miezi utayajua, na hakuna daktari wala padri anayeweza kuyasema kwa mdomo ule ulio nao wewe uliyelala kitanda hichohicho. Nimeona mtu amekata tamaa, familia imemchoka, pesa imeisha, akaanza kuwapokea wageni kila Jumatano na kuwaeleza chakula, na yule mtu alikufa akiwa na watu. Ugonjwa ulibaki vilevile, ila hakuna aliyeweza kumwambia maisha yake yameisha kabla hajafa.

Maana nimegusa kifo niseme wazi. Utafika siku moja kitanda cha jirani yako kiko na mtu mwingine, na manesi watakwepa macho yako. Siku hiyo usijilazimishe kuimba sifa. Fungua Zaburi 88, inaanza kwa kulia na inaishia gizani, haina ule mstari wa mwisho wa matumaini kama zaburi nyingine, na imo kwenye Biblia. Kanisa limeihifadhi kwa ajili ya siku hizo. Mtu akikwambia kulalamika ni kukosa imani, mkumbushe nani alisema "Mungu wangu, mbona umeniacha". Na ukiombea uponyaji ukapita mwaka, miwili, kimya, jua kwamba Paulo naye aliomba mara 3 ule mwiba uondoke, akajibiwa neema yangu yakutosha, mwiba ukabaki. Mimi sielewi kila kitu kwenye hilo jibu. Nalirudia tu sindano zinapoingia, na mpaka sasa neema ya siku ile imekuwa ikitosha siku ile.

Mambo mawili ya parokiani nimalizie. Kama zamu yako ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi Jumapili ndo siku mwili umekuwa mzito kuliko zote, maana umekaa siku 2 bila mashine, miguu imevimba, pumzi fupi. Watu watashangaa mbona haonekani misani. Usijisikie mwenye hatia, mgonjwa halazimiki, na kufunga Kwaresima pia hulazimiki. Waambie jumuiya yako ratiba ya zamu zako, omba uletewe Komunyo nyumbani, wengi hawaji kwa sababu hawajui waje saa ngapi. Na Mpako wa Wagonjwa usiuogope, bado kuna wanaodhani padri akija na mafuta ndo mwisho, hapana, ni sakramenti ya mgonjwa mzito aliye hai, na hali ikibadilika unapewa tena. Muombe paroko mapema, kabla hujalazwa, mkae nyumbani na watoto wakiwepo. Na yule anayekuuguza, mke, dada, mama, ambaye anaamka saa 10 alfajiri kukupeleka na kukusubiri kwenye benchi, padri akifika mwambie amwekee mikono na yeye ambariki, amwite kwa jina, kwasababu amechoka na hakuna anayemuuliza.