Siku ya sita baada ya kutolewa mfuko wa nyongo: ni gesi au ni tatizo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 54, alitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu kwa sababu ya mawe. Leo ni siku ya sita. Aliruhusiwa siku ya pili, akawa anatembea mwenyewe hadi uani. Tangu jana tumbo limejaa, chakula hataki, mkojo umekuwa mweusi. Ndugu wanasema ni gesi ya upasuaji, itaisha. Tusubiri kliniki ya wiki ijayo?

JIBU: Marahaba. Msisubiri. Mrudisheni leo, ikiwezekana hospitali ile ile, mkiwa na fomu yake ya ruhusa na dawa zote anazotumia.

Ndugu hawajakosea kuhusu gesi, wamekosea siku. Tukipasua kwa matundu tunajaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili tuone vizuri. Inayobaki husumbua kiwambo kilicho kati ya tumbo na kifua, maumivu yakajitokeza begani. Siku mbili tatu, kwisha. Gesi haimrudii siku ya tano mtu aliyeshapata nafuu. Wodini swali langu kubwa ni moja: "Jana na leo, ipi afadhali?" Jibu likiwa "jana", natafuta sababu hata kama kidonda cha nje ni kikavu na kizuri.

Ninaogopa zaidi nyongo kuvuja. Mrija mwembamba uliounganisha mfuko na mrija mkuu wa kupeleka nyongo utumboni hubanwa kwa vibanio vidogo, kisha hukatwa. Kibanio kikilegea, au vijirija vya kwenye ini pale mfuko ulipokuwa umeshikia vikabaki wazi, nyongo humwagika tumboni. Watu hutarajia mgonjwa apige kelele kwa maumivu. Wengi hawapigi. Anajaa tumbo tu, amechoka, chakula kinamkinai, ana kahoma kadogo, moyo unakwenda mbio. Wa namna hii ndio wanaotuponyoka, hasa panadoli ikiwa inamezwa kila baada ya saa sita na kuificha homa.

Jambo la pili ni njia kuziba: jiwe lililokuwa limeshateremkia mrija mkuu kabla ya upasuaji, au, mara chache, mrija wenyewe kubanwa au kujeruhiwa. Nyongo ikikosa pa kupita hurudi kwenye damu. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kinapauka kama udongo wa mfinyanzi, mwili unawasha. Mkojo mweusi peke yake unaweza kuwa ni kutokunywa maji, kwa hiyo mtazameni macho. Mtoeni nje kwenye mwanga wa jua, aangalie chini, mmwinue kope ya juu muone kama weupe wa jicho umegeuka manjano. Taa za ndani hudanganya. (Manjano haya siyo homa ya manjano ile ya mbu, wengi huchanganya.) Mkiona manjano pamoja na homa ya kutetemeka, hata iwe saa nane ya usiku, ondokeni.

Hospitali watampima damu, wakiangalia bilirubini (ile rangi ya manjano ya nyongo) na vipimo vingine vya ini, na watampiga altrasaundi kuona kama kuna maji tumboni au mirija imetanuka. Mara nyingi jiwe hutolewa, au kijimpira huwekwa ili uvujaji ukome, kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo, bila kufungua tumbo tena. Si kila hospitali ina huduma hiyo, basi ulizeni mapema habari ya rufaa.

Kuharisha kidogo wiki za mwanzo kusiwatishe. Mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika ghafla ni dharura nyingine: huenda ni damu iliyoganda.

Mkifika mapokezi msianze na "tumbo limejaa", mtawekwa foleni ya vidonda vya tumbo. Semeni: "Alitolewa mfuko wa nyongo siku sita zilizopita, alikuwa na nafuu, sasa anarudi nyuma."