Barua kwa mwanangu: ile skrubu ya kava la klachi

Mwanangu,

Salamu na picha zimefika. Umeuliza ununue eksitrakta za aina gani, vile vyuma vya kuzamisha kwenye skrubu iliyotobolewa na kuizungusha itoke, ili uing'oe skrubu iliyoliwa kichwa kwenye kava la klachi la Honda CG125, pikipiki ya babu yako. Eksitrakta nitazifikia, usinikimbize. Kwanza niambie ulikuwa umeshika bisibisi gani. Ikuze picha uliyonitumia, utazame kichwa cha ile skrubu ya jirani ambayo bado hujaigusa. Pembeni ya msalaba wake kuna kinukta kimedidimia.

Nukta hiyo ni alama ya kiwango cha Kijapani, JIS. Msalaba wake unafanana na wa Phillips, ile bisibisi ya nyota tuliyoizoea, lakini haulingani nao. Ncha ya Phillips inagota chini kabla kingo zake hazijashika vizuri kuta za msalaba. Ukikaza mkono inateleza kwenda juu, na kila ikiruka inanyoa chuma. Halafu kuna ukubwa. Skrubu za kava lile ni M6, yaani unene wa milimita 6, zinataka bisibisi namba 3, na nyumba nyingi zina namba 2 peke yake. Namba 2 inaingia vizuri tu, ndiyo hatari yake, kisha inacheza ndani na kula kona. Nimelisema hili tangu duka la vipuri likiwa bado letu, na nitalisema tena: skrubu haifi, huuawa.

Kutu nayo ipo, sikatai. Skrubu ni ya chuma, injini na kava ni alumini, na maji yakiingia katikati yake alumini inaota unga mweupe unaoziba meno ya skrubu. Ila mara nyingi kinachong'ang'ania zaidi ni kichwa chenyewe, pale chini yake kilipobanwa juu ya kava na mtu aliyekaza kwa hasira. Skrubu ya M6 hapo inatosheka na kama Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani mkono uliotulia. Hili la kichwa uliweke akilini.

Sasa kazi. Mwaga oili, toa kikanyagio cha kiki kwa sababu shafti yake inapita kwenye kava hilohilo. Chokoa uchafu wote ndani ya msalaba kwa sindano, maana bisibisi ikikalia tope haikalii skrubu. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kichwa, uache usiku kucha. Asubuhi simamisha panchi butu juu ya kichwa, ugonge kwa nyundo moja kwa moja kushuka chini. Pigo hilo linaupasua ule unga mweupe, na pia linakirudisha kwenye msalaba chuma kilichokunjwa kando na bisibisi yako.

Kisha tumia bisibisi ya kugonga, ile nene ambayo ukiipiga kisogoni inajizungusha kidogo. Igeuze upande wa kufungulia, tia biti namba 3, isimamishe wima kabisa, uizungushe kwa mkono kushoto mpaka ulegevu wake uishe. Hapo ndipo unapiga, kwa nyundo ya kilo moja, pigo moja la maana. Watu hudokoa vipigo vidogovidogo kwa woga, wakaumaliza msalaba. Ukiwa na ile dawa ya kusagia vali, paka kidogo kwenye ncha. Punje zake zinauma chuma pande zote mbili.

Ikigoma, futa mafuta uliyonyunyiza, halafu lipashe moto kava kuzunguka skrubu kwa mashine ya hewa moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea. Mwali wa gesi usiusogeze karibu na kabureta.

Ikigoma tena, usikimbilie eksitrakta. Toboa kichwa. Tia alama katikati kwa panchi yenye ncha, anza na biti ya milimita 3, kisha ya 6, taratibu, na usishuke zaidi ya unene wa kichwa. Kitakatika na kubaki kama pete kwenye biti. Fungua skrubu zingine zote, ligonge kava kwa nyundo ya mpira, litoke. Hapo skrubu iliyobaki itakuwa imechomoza kwa kiasi cha unene wa kava, na kichwa kilichokuwa kikiibana hakipo tena. Mara nyingi inatoka kwa plaisi ya kujifunga bila ugomvi. Nimeona zikitoka kwa vidole.

Eksitrakta, basi. Kwenye M6 utatoboa kitundu cha kama milimita 3, kwa hiyo eksitrakta yenyewe ni nyembamba, na chuma chake ni kigumu kisichopinda. Umbo lake la kuchongoka linaitanua skrubu na kuizidishia kubana, nawe ulikuwa unataka ilegee. Ikikatikia ndani, biti ya kawaida haiigusi.

Ba'mdogo wako aliyajua yote hayo, na ndiyo maana bado linaniuma. Baba yako amesimama palepale barazani akimwambia, "Toboa kichwa, kava litoke." Naye akajibu kwamba kutoboa ni kazi ya wasio na zana. Yeye alikuwa nazo, seti mpya inang'aa. Eksitrakta ikakatika sambamba na mdomo wa tundu. Akalifunga kava kwa skrubu zilizobaki na gundi ya gasketi, na lile doa la oili mlilokuwa mkiliruka mkitoka shule ndilo lilitoka hapo. Wewe ulidhani pikipiki imezeeka. Labda namwonea, tundu lenyewe lilikuwa la chini kabisa, drili haikuwa na nafasi. Lakini hapana. Ekzosi inafunguliwa kwa nati mbili kwenye kichwa cha silinda na bolti moja ya nyuma, nafasi ingepatikana. Alionyeshwa njia akaikataa. Skrubu haifi, huuawa, na wakati mwingine huuawa na mtu mwenye zana nzuri.

Yako ikikatika chini kabisa, tafuta mchomeleaji mwenye mkono mwepesi. Aweke nati ya M8 juu yake na kuichomelea katikati ishikane na skrubu, uache ipoe kidogo, kisha ufungue kwa spana. Joto lenyewe huwa limeshafanya nusu ya kazi. Kabla hajaanza, tenganisha betri, na kisanduku cha CDI, kile cha umeme wa cheche za plagi, kama kipo. Meno ya tundu yakiwa yameharibika, yapo makoili ya kuyarudishia ya M6, tundu linatanuliwa kwanza.

Skrubu ukizitoa usizimwage bakulini. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, uchome kila moja mahali pake, kwani urefu wake haufanani. Ndefu ikiingia tundu fupi itagota chini, utahisi imekaza kumbe kava linacheza, na ukiongeza nguvu unapasua alumini. Fupi kwenye tundu refu inashika meno machache na kuyang'oa. Wakati wa kufunga weka gasketi mpya na bolti za alenki, zile zenye tundu la pembe sita kichwani, grisi ya shaba kidogo sana kwenye meno, ukaze kwa kupishanisha pande. Grisi inarahisisha mzunguko, kwa hiyo mkono uupunguze.

Umeuliza pia, kwa kuzungukazunguka, kama umpelekee fundi. Mimi siingilii, pikipiki ni yako na mikono ni yako. Ila huyo fundi mtazame kwanza begi lake la bisibisi. Asipokuwa na namba 3... nimesema siingilii. Lakini kichwa kutoboa unaweza wewe, drili ya jirani yako inatosha.

Lita ya oili nunua kabla hujaanza. Injini hiyo inataka pungufu kidogo ya hapo, usimimine yote. Skrubu zipime urefu kwa milimita kuanzia chini ya kichwa, unitumie idadi ya kila saizi. Nitakutafutia za alenki huku, M6 zenye hatua ya milimita 1, yaani nafasi kati ya jino na jino, na za akiba mbilimbili.

Mama yako