Wanafunzi wa MBA Wanaongezeka, au Hawamalizi?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mhasibu Posta, naishi Mbezi. Nataka kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, chuo cha umma hapa Dar. Rafiki yangu anasema Marekani vyuo vya umma vinaifunga, watu hawaitaki tena. Chuo nilichoulizia kinasema wanafunzi wanaongezeka kila mwaka. Nimwamini nani?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Rafiki yako kapata nusu ya habari. Ni kweli Chuo Kikuu cha Iowa kilitangaza mwaka 2017 kuifuta MBA ya kutwa, na kile cha Illinois kikafuata mwaka 2019. Ila Illinois kilikuwa na MBA ya mtandaoni tangu 2016, ya bei nafuu zaidi, na huko ndiko watu walikokimbilia. Wanachokikwepa ni kuacha mshahara miaka miwili ili wakae darasani. Kwa mfanyakazi wa Dar anayewahi kipindi cha jioni akitokea kwenye foleni ya Morogoro Road, hilo halihitaji maelezo.

Chuo nacho huenda hakijakudanganya, ila jumla ya wanafunzi haikuambii kitu. Humo yumo hata aliyemaliza masomo ya darasani zamani na bado anahangaika na sura ya pili ya tasnifu, ule utafiti wa kumalizia shahada. Tuseme programu ya miaka 2 inasajili watu 40 kila mwaka. Wote wakimaliza kwa wakati, jumla haizidi 80. Ukitajiwa 130, hao 50 wa ziada ni wa mikupuo ya nyuma, yaani walioanza miaka iliyopita na hawajamaliza. Mwakani wakikwama wengine 15, jumla inafika 145 na tangazo litasema programu inakua!

Kwa hiyo nenda kwa mratibu wa programu, uliza kwa kila mkupuo wa miaka 5 iliyopita: walioomba, waliodahiliwa (waliokubaliwa na chuo), waliosajiliwa, waliohitimu. Idadi ya walioomba usiitegemee sana, maana maombi ya uzamili hupelekwa chuo kwa chuo na mtu mmoja huhesabiwa kotekote alikoomba. Kati ya kudahiliwa na kusajiliwa wengi huangushwa na ada, kwa sababu wengi hujilipia wenyewe. Mratibu akisita, tafuta vitabu vya mahafali, uhesabu majina ya programu hiyo.

Pengo kubwa kati ya waliosajiliwa na waliohitimu mara nyingi chanzo chake ni tasnifu. Uliza msimamizi hupangwa lini na ana wanafunzi wangapi. Akiwa nao wengi, rasimu yako itakaa mezani kwake miezi. Kikwazo kingine ni data: mtu anachagua mada ya benki fulani, benki inamnyima kibali, anaanza upya. Wewe mhasibu chagua mada ambayo ofisi yako inaweza kukufungulia mafaili, na barua ya kibali uipate kabla ya kuandika mapendekezo ya utafiti. Uliza pia ada ya kuongeza muda ni kiasi gani kwa muhula.

SWALI: Nikisoma MBA ya mtandaoni ya chuo cha nje, itatambuliwa Tanzania?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Anayeitambua ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Waulize kabla hujalipa hata senti, ukiwa na jina kamili la chuo, la programu, na la mamlaka iliyokiidhinisha kwao. Chuo kisichotambuliwa nchini mwake usitegemee kitambuliwe hapa.