Mguu juu ya mbuzi ya nazi: kwa nyie mnaoanza chumba cha vidonda

Nyie mliomaliza juzi mkapangiwa vidonda najua mmenuna, mlitaka tieta au leba mkapewa miguu inayonuka. Mie nilinuna pia. Sa miaka imepita humu humu Pemba na nakwambieni, kudresi, yaani kuosha na kufunga kidonda, si kazi kubwa, kazi ni kumfahamisha mwenye mguu, maana hapa anakaa na wewe nusu saa kisha anakwenda kukaa nao wiki nzima kwao.

Kulikuwa na bibi mmoja, kidonda kwa ndani juu ya kifundo, mguu umevimba, ngozi imepiga weusi, vile vya vena kabisa, mishipa inayorudisha damu moyoni. Kila akija namwambia bibi inua mguu. Nainua mwanangu. Miezi miwili kidonda kiko vile vile, nikaanza kumshuku. Siku moja nikamwambia hebu nioneshe unavoinua, akakaa kitini, akavuta kigoda, akauweka mguu juu yake, akasema kwetu naweka juu ya mbuzi ya nazi. Lahaula! Shibiri moja na nusu kutoka chini, damu itarudi vipi? Hakunidanganya, mie ndo sikumfundisha. Nikamlaza, mito chini ya shavu la mguu mpaka kisigino kikapita usawa wa moyo, nikamwambia hivi bibi, nusu saa, mara tatu nne kwa siku.

Tokea siku ile siulizi tena "umefahamu?", mtu mzima gani atakwambia hakufahamu mbele ya kijana kama wewe? Sema nioneshe. Na kama anayemfunga nyumbani ni mkaza mwana basi mwite yeye, afunge mbele yako.

Mzee mwengine nikimfunga bendeji ya kubana, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, akirudi imelegea inaning'inia, kumbe anaifungua kila swala atie udhu. Mara tano kwa siku! Sikuwahi kumuuliza. Siku hizi naanza na hilo, nawaambia wende kwa shehe wao wamuulize habari ya kupangusa juu ya bendeji, ruhusa kwa mwenye jeraha ipo, ila ikitoka kwa shehe inaingia kuliko ikitoka kwangu.

Na usibane mguu ambao hujapapasa mapigo yake juu ya unyayo, kama dopla ipo, kile kifaa cha kusikiliza mapigo, pima presha ya kifundo uigawe kwa ya mkono, ikiwa chini ya 0.8 mwache dokta aone kwanza. Mgonjwa naye ajue kuwa vidole vikipoa, vikifa ganzi au vikigeuka rangi anafungua mwenyewe hapo hapo, hangoji siku ya kliniki.

Mtaletewa vidonda vina majivu, dawa ya meno, unga wa kapsuli, spiriti. Usimkemee mtu, ukimkemea ataendelea kupaka ila hatokwambia tena. Mwambie tu spiriti inaunguza nyama changa inayoota, maji yaliyochemshwa yakapoa yanatosha kuoshea.

Wenye sukari wananitisha zaidi, kidonda kiko chini ya unyayo na hakimuumi, anadhani ndo afadhali. Wale kina mama wa mwani waambieni wavae viatu majini na kila jioni mjukuu awatizame nyayo, yeye ana macho.

Turudi kwa bibi. Kilifunga, tukafurahi, akaniletea ndizi. Mwaka haujesha karudi, pale pale. Soksi za kubana kaziweka kabatini, joto mwanangu, na kidonda si kimepona? Kumbe na hilo sikumwambia, kuwa kidonda kinafunga lakini vena bado mbovu, soksi zinavaliwa kila asubuhi kabla mguu haujashuka chini na hazina mwisho. Sa habari ya soksi naisema siku ya mwanzo, kidonda bado kibichi, na yule bibi nikimpata siku ya kliniki namwomba awaambie wenzake pale benchini, anawatisha vizuri kuliko mimi.