Usiniandikie "Hakupatikana"

Wadogo zangu mliosomea ustawi wa jamii (SWASA) Chuo Kikuu cha Makerere, na nyinyi wa chuo cha Nsamizi, karibuni kazini, katika idara yetu ya probesheni na ustawi wa jamii hapa Uganda. Nimesoma ripoti zenu, na katika ripoti baada ya ripoti nimekuta sentensi moja imejikalia pale kama mwenye nyumba: "Juhudi za kuipata familia ya mtoto hazikufanikiwa." Juhudi zipi? Nani alikwenda, alifika wapi, alimuuliza nani? Mmoja wenu akanijibu kwa upole kabisa, "Bosi, ndivyo inavyoandikwa." Kweli, ndivyo inavyoandikwa. Hata mimi niliiandika, na sina hakika kama hamkuinakili kutoka kwenye mafaili yangu.

Basi vuteni viti. Nadharia mnazo za kutosha, kuzidi sisi tulioanza kazi tukigombea mashine moja ya chapa. Haya ni yale ambayo chuoni hayana saa yake.

1. Salimu kwanza. Mimi ni mtoto wa kambi ya magereza. Baba alikuwa askari, na Kiswahili nilichokulia ni cha gwaride na foleni ya posho: simama, kaa chini, hesabu, tembea. Nilipotumwa mara ya kwanza kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka II kuonana na familia za Wakongo, nikajiona mwenye bahati, maana sikuhitaji mkalimani. Nikafika mlangoni nikauliza, "Mwenye nyumba hii ni nani? Toka nje." Akatoka mama mmoja mzee, taratibu, mikono mbele pasipo na kitu, akasema, "Baba, nimekosa nini?"

Kwa watu wengi wa upande huu, Kiswahili kiliingia kijijini pamoja na mtu mwenye bunduki. Na kwa mama yule aliyevuka mpaka kutoka Kivu, sauti yangu ilikuwa ya kizuizi cha barabarani. Tangu hapo faili langu hubaki kwenye mkoba mpaka habari za mvua, mihogo na wajukuu ziishe. Ukiwa Tooro au Bunyoro, ulizia empaako ya mzee, lile jina lake la heshima na upendo, kabla ya kuulizia kitu kingine. Ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho tu, atakujibu ya kwenye kitambulisho tu.

2. Umri usiukubali kwa kuusoma. Karatasi ya mashtaka ikisema 18, omba kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo, rejista ya shule, chochote. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa. Mtoto, hata kwa kosa ambalo mtu mzima angehukumiwa kifo, hazuiliwi zaidi ya miaka 3. Mwaka mmoja ulioongezwa kwa kalamu ya mtu aliyetaka kumaliza zamu yake unaweza kumpeleka kijana kulala gerezani na watu wazima.

3. Nenda. Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo nivumilieni.

Palikuwa na kijana wa darasa la saba, wa umri kama wa miaka kumi na minne, aliyeshtakiwa kwa kuiba simu na pesa dukani. Alikubali kosa. Mahakama ikamrudisha mahabusu ya watoto, iliyo wilaya nyingine kabisa. Mnajua zilivyo chache: nyumba moja inapokea watoto wa wilaya chungu nzima. Ikaagizwa ripoti. Sheria ya Watoto haina mchezo hapo: kabla hakimu hajatoa amri, afisa wa probesheni aeleze familia ya mtoto, mahali anapoishi na mazingira ya kosa lenyewe.

Gari la idara lilikuwa limeegeshwa likisubiri matairi. Pikipiki ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Kwenye faili kulikuwa na jina la kijiji na jina la mama. Nikatafuta namba ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hicho, nikampigia. "Mzee, unamfahamu mama fulani?" Akafikiri, akasema hana mtu wa jina hilo. Nikampigia CDO, afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, simu ikalia weee, haikupokelewa. Hapo nikajiona nimefanya kazi. Nikachukua faili la zamani, nikanakili ile sentensi, nikaongezea ya kwangu: "Mtoto anaonekana kuwa wa mtaani." Nikapendekeza apelekwe Kampiringisa, kituo cha taifa cha kurekebishia watoto, kwa kuwa hana pa kurudi. Nikapiga muhuri. Nakumbuka hata nilinyoosha pambizo za ukurasa zipendeze.

Siku ya kesi hakimu akafanya kile ambacho sheria inamtaka afanye na ambacho wengi hukifanya kwa haraka: kuhakikisha mtoto ameelewa yaliyoandikwa juu yake. Akasoma polepole, karani akafasiri. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole, kama yuko darasani.

"Mama yangu yupo," akasema. "Anauza mihogo pale senta, karibu na kinu."

Hakimu akanigeukia. "Afisa, ulikwenda kijiji gani?"

"Mheshimiwa, nilipiga simu."

"Nimeuliza ulikwenda kijiji gani."

Kesi ikaahirishwa ili ripoti iandikwe upya. Mimi nikarudi nyumbani kulala. Kijana akarudi mahabusu.

Kesho yake nikapanda bodaboda kwa pesa yangu. Kumbe kijiji kile kiligawanywa zamani, kuna A na kuna B. Mwenyekiti niliyempigia alikuwa wa A na alinijibu kwa haki kabisa, maana nilimuuliza kuhusu watu wake. Mama alikuwa wa B. Nilimkuta karibu na kinu, na mihogo yake juu ya gunia, palepale mwanawe aliposema. Alikuwa amekwenda kituo cha polisi, akaambiwa asubiri watu wa probesheni. Akaja mpaka makao makuu ya wilaya kututafuta, akakuta ofisi imefungwa. Tulikuwa kwenye warsha. Mada ya warsha ilikuwa ulinzi wa mtoto. Chai ilikuwa na sambusa.

Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Anakula?" Nami sikujua. Nilikuwa nimempendekezea mwanawe miezi ya kuzuiliwa, na sikujua kama anakula.

Ripoti ya pili niliiandika usiku uleule, lakini mahakama haina haraka ya mtu mmoja. Hakimu akaenda likizo, kisha kikao kikasogezwa. Kijana aliachiwa kurudi kwa mama yake, chini ya uangalizi wetu, wiki mbili baada ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Jina lake lilikuwa limeshaandikishwa, na mama alikuwa amelipa kila kilichodaiwa. Shule ilikubali arudie darasa la saba, akakataa kuketi na wadogo zake. Sasa ni mtu mzima, anafyatua matofali. Tukikutana ananisalimia vizuri, na afadhali angenitukana.

Kwa hiyo katika idara hii neno "hakupatikana" silipokei. Niandikie ulichokifanya: "Tarehe fulani nilikwenda kijiji A, nikaonana na mwenyekiti, akasema hivi. Sikufika kijiji B kwa sababu daraja limekatika." Hakimu akisoma hivyo ataona mwenyewe pale ambapo kazi haijafika, na atakutuma huko. Ukimwandikia kwamba juhudi hazikufanikiwa, umemfungia macho, na umemfunga mtoto. Na nyinyi mnaopanda cheo mkaanza kusaini ripoti za wenzenu, sahihi yako ndiyo nafasi ya mwisho ya kuuliza "ulikwenda?" Mimi aliyekuwa juu yangu hakuniuliza. Alisifu pambizo.

4. Ziara za nyumbani zipange mwanzo wa robo mwaka, wakati mafuta yapo. Mwezi Juni usingoje kitu, pesa isiyotumika inarudi hazina na wewe unabaki na mpango kazi.

5. Huduma ya jamii. Hapa napo mnanitia aibu, ingawa kidogo mnanichekesha. Sheria ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye kosa dogo, lile ambalo kifungo chake hakizidi miaka 2, afanye kazi ya jamii badala ya kwenda jela: si zaidi ya miezi 6, wala zaidi ya saa 8 kwa siku. Magereza yetu yamejaa zaidi ya mara tatu ya uwezo wake, na karibu nusu ya waliomo ni mahabusu. Kila anayefyeka nyasi kituo cha afya na kulala kwake ni nafasi moja imepatikana kule ndani. Ni kazi nzuri. Tatizo ni daftari la mahudhurio.

Nililetewa daftari moja safi ajabu. Kila siku imesainiwa, kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, mpaka tarehe 9 Oktoba. Nikamwuliza kijana wangu, "Siku ya Uhuru walifanya kazi?" Akasema, "Labda walikuwa na bidii." Tukaenda. Nyasi za kituo cha afya zilifika magotini. Wahalifu wetu tuliwakuta, na kweli walikuwa na bidii: walikuwa katika shamba la migomba la msimamizi wao, wakiondoa majani makavu kwa ustadi mkubwa. Mmoja alinieleza kwamba msimamizi huwapikia vizuri, na aliomba tusimharibie.

Shamba la mtu si huduma ya jamii, hata kama kuna matoke na nyama. Fika bila kutoa taarifa. Uliza wamefyeka kuanzia wapi mpaka wapi, ukapime kwa macho yako. Na katika ripoti usiandike "anaendelea vizuri." Andika alichofyeka.

6. Mkipangwa magerezani kama maafisa ustawi, mfahamuni katikiro wa wafungwa, yaani mfungwa anayewaongoza wenzake, na mumheshimu, ila asiwe karani wenu. Ukimwachia yeye akuchagulie wa kuonana nawe, utaonana na marafiki zake mpaka ustaafu.

Na msiniambie kwamba habari za mfungwa mzima hazina kazi kwa kuwa hukumu imeshatoka. Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400 waliokuwa wamehukumiwa kifo, Mahakama ya Juu ilikataa hukumu ya kifo ya lazima. Waliohukumiwa kwa ulazima huo wakapata nafasi ya kurudi Mahakama Kuu, wasikilizwe wao ni akina nani, wametoka wapi na wamebadilika vipi. Kigula mwenyewe alipunguziwa mpaka miaka 20, akatoka mwaka 2016, akiwa amesomea sheria humohumo gerezani Luzira. Mtu akisimama mbele ya jaji siku kama hiyo, kinachomsaidia ni maneno yenye tarehe na majina, yaliyoandikwa na mtu aliyekwenda. "Tabia yake ni nzuri" kila mmoja anayo.

Jambo moja kuhusu mfungwa anayekaribia kuachiwa: piga simu nyumbani kwake kabla, wala si siku yenyewe. Wengine shamba limeshauzwa na mke ana nyumba nyingine. Ni heri alijue hilo akiwa nawe kuliko alikute kwenye kona ya njia na panga likiwa karibu.

7. Wazee wa SAGE, ule mpango wa serikali wa posho ya wazee. Shilingi 25,000 kwa mwezi, kuanzia miaka 80. Bibi akikuambia alikuwa mwali wakati wa vita vya Hitla na kitambulisho kinasema ana 71, usimcheke na usimfukuze. Andikisha malalamiko ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho, siku hiyohiyo, upeleke mwenyewe. Yeye hana nauli.

8. Msiahidi pesa za PDM, mpango wa serikali wa kuinua kipato vijijini. Si zenu. Mtu akikuuliza milioni yake iko wapi, mwelekeze kwa mkuu wa muluka, yule anayesimamia vijiji kadhaa, na uendelee na safari.

9. Simu za 116, namba ya msaada kwa watoto, zikielekezwa kwenu, msizirudishe zilikotoka. Aliyepiga alikuwa anakutafuta wewe.

10. Mkitoa pesa yenu mfukoni, na mtatoa, toeni mkijua hairudi. Msiitafute kwenye nauli za warsha, mkaguzi atawapata, na atakuwa na haki.

11. Makabidhiano. Mtahamishwa, wengine kabla hamjazoea chakula cha hapa. Ukihama, ukurasa wa kwanza uwe wa watoto: jina, yuko wapi, tarehe ya kesi ijayo, mama anapatikana wapi, kijiji A au B. Samani ziwe mwisho. Nilipofika kituo changu cha pili, aliyenitangulia alikuwa ameshaondoka, na aliniachia orodha ya viti iliyopigwa chapa, yenye namba za serikali. Nilivihesabu, vyote vilikuwepo. Watoto niliwatafuta mpaka Krismasi.