Kabla ya Kutafuta Gari la Mtoto, Tafuta wa Kumpokea

Mzazi wa Mwanza anayefanya kazi ya zamu akianza kutafuta usafiri wa mtoto wa shule, huuliza kwanza ni gari lipi na ni bei gani. Mimi ni muuguzi, na mwenzangu anafanya kazi katika kiwanda cha kuchakata minofu ya samaki. Kwa uzoefu wetu, gari si jambo gumu kulipata. Kinachosumbua ni muda wa kungoja kituoni alfajiri na ule wa kushuka jioni, wakati mtoto hayuko mikononi mwa dereva wala mwa mzazi. Kwa hiyo nashauri mpange kwanza nani anamtoa na nani anampokea, ndipo mzungumzie nauli.

Wengi wetu tunaishi kwenye vilima vya mawe, kama vile Igogo na Mabatini, ambako gari la shule halipandi. Mtoto hulazimika kuteremka kwa vijia vya miguu hadi barabarani, mara nyingi kabla hapajapambazuka, kwa kuwa gari linalozunguka mitaa mingi huanza kazi mapema mno. Mvua kubwa ikinyesha na Mto Mirongo ukajaa, dereva anaweza kubadili njia. Mwulize mapema siku hiyo atamchukulia wapi mtoto wako.

Kwetu anayempokea mtoto ni mama mwenye genge la mboga karibu na kituo, na tunamlipa kila mwezi kama tunavyolipia gari, kwa sababu hisani isiyo na malipo ni vigumu kuidai. Mtoto akishuka hukaa kwenye kreti la soda nyuma ya mafungu ya nyanya, naye mama hunibipu. Ni mlio mmoja tu, lakini hata nikiwa nimeshika trei ya dawa najua kwamba amefika. Saa kumi na moja ikipita bila mlio huo, namwomba muuguzi mwenzangu anishikie wodi nikapige simu. Dada wa kazi naye anaweza kuifanya kazi hii, ila siku akienda kwao likizo mpango mzima husimama, hivyo awepo mtu wa pili ambaye dereva anamfahamu kwa sura.

Kuhusu kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini haimlazimishi mwajiri akupangie saa zinazolingana na kengele ya shule. Ratiba ya zamu inapobandikwa, ipige picha, ilinganishe na ya mwenzako wa nyumbani, kisha uombe kubadilishana zile siku tu ambazo nyote wawili hampo. Msimamizi anayekataa kukupangia asubuhi mwezi mzima huwa hana neno ukimletea siku mbili na jina la mtu aliyekubali kubadilishana nawe.

Bodaboda sizipendi kwa watoto wadogo, na kanuni za pikipiki za biashara zinakataza kumbeba mtoto wa chini ya miaka tisa, ingawa kila asubuhi tunawaona wamepakiwa watatu. Bajaji inayochangiwa na familia za mtaa mmoja ina nafuu, mradi mkubaliane idadi ya watoto na dereva asiongeze abiria njiani. Kwa gari la shule, kagua leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na uhakikishe yupo matroni anayeshuka kumvusha mtoto barabara. Tangu ajali ya basi la shule huko Karatu, Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, sioni aibu kuchungulia ndani na kuhesabu watoto kabla wangu hajapanda.

Malipo ya bajaji yagawanywe mara mbili kwa mwezi. Dereva aliyelipwa yote tarehe moja huanza kukopa hela ya mafuta ifikapo tarehe ishirini, na siku asipoipata, watoto ndio wanaobaki kituoni.